Majina ya Ijumaa

Mpaka leo mtu akiniambia kwamba mfumo wake "unajihifadhi wenyewe", natafuta kitu cha kumrushia. Si kwamba mimi ni mtu wa fujo. Ni kwamba niliwahi kuyaona maneno hayo yakitaka kummaliza mtu, mke wa kaka yangu, mchana kweupe, na wanaume wenye tai wamekaa pale wakitikisa vichwa.

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni nilikuwa naandika programu za kompyuta mjini Kisii. Watu wakisikia hivyo hudhani nilikuwa na ofisi ya vioo. Thubutu! Nilikuwa na chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, kompyuta mbili kuukuu, na printa iliyokwaruza mpaka wateja wa chini wakatazama dari. Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa mjini humo humo, aliyejua Kigusii kuliko wapwa zangu wa Nairobi na aliyenigombeza kwa lugha hiyo hiyo. Kodi niliilipa kwa kuchapa mialiko ya harusi na mitihani ya shule. Programu niliziandika kwa sababu nilizipenda, na kwa sababu nilikuwa mkaidi.

Wifi yangu naye alikuwa karani wa zahanati moja ya Wasabato huko kwetu Nyamira, kilima kimoja ukitoka Magwagwa. Kaka yangu alikuwa kazini Kericho kwenye majani chai, anakuja mwisho wa mwezi. Sisi ni Wakatoliki tangu babu. Wifi aliolewa kwetu na Sabato yake, mama yangu akanuna mwaka mzima, kisha akachoka kununa. Kila Ijumaa jua likianza kuteremka, wifi alikuwa ameshapika, ameshafua, ameshachota maji, na kuni ziko ndani. Jua likizama, amekaa. Huwezi kumtuma hata sindano mpaka Jumamosi jua lizame tena. Nilimtania sana kwa hilo.

"Wifi, na nyumba ikiungua?"

"Ikiungua nitaiombea," alinijibu. "Wewe utabeba maji, si wewe ni Mkatoliki?"

Sasa, zahanati ile ilikuwa na shida moja kubwa. Mama akijifungua na damu ikakataa kusimama, ilibidi apelekwe hospitali kubwa mjini, na huko walikuwa wanauliza swali moja kabla ya yote: mmekuja na watu wa kutoa damu? Kama hamna, mnaanza kukimbia barabarani kuwabembeleza wapita njia. Kwa hiyo wazee wa zahanati wakapata wazo zuri, na nalisifu mpaka leo. Watu wa vilima vile wapimwe damu mapema, waandikwe jina, aina ya damu na mahali wanapopatikana. Mama akizidiwa, karani anatafuta, watu wa damu yake wanaitwa, wanapakiwa kwenye pikapu pamoja naye. Mtaalamu wa maabara alikuwa anatoka mjini kuja kuwapima siku moja tu kwa wiki. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Walitaka orodha hiyo iwe kwenye kompyuta. Kulikuwa na wafadhili, na wafadhili wanapenda kompyuta. Wifi akaniambia, nikapanda kilima na pendekezo langu.

Programu ya aina hii ina kazi mbili tu: kuonyesha na kukumbuka. Kuonyesha ni kile karani anachokiona kwenye skrini, kurasa na vitufe na rangi. Kukumbuka ni mahali jina linapokwenda likishaandikwa, na kama litakuwepo kesho. Miaka ile kila mtu alikuwa amepagawa na kuonyesha. Intaneti ilikuwa imeingia Nairobi, sisi tukiisikia kwa mbali, na vijana wa huko walikuwa wanatengeneza kila kitu kwa kurasa za wavuti, hata mahali ambapo hakuna wavuti wowote, ni kompyuta mbili zimeunganishwa kwa waya ndani ya chumba kimoja. Kulikuwa na viunzi, yaani mifupa ya programu iliyoundwa tayari ng'ambo, vinakuja kwenye sidii. Wewe unaandika kidogo, kiunzi kinakufanyia yaliyobaki. Sikuvichukia. Nilivisaka, nikapanda basi kwenda Nairobi kunakili sidii za watu, nikavikalia wiki na wiki.

Nilikuwa na mtihani wangu ambao sikufundishwa chuoni. Naandika jina la mtu, nabonyeza kitufe cha kuhifadhi, kisha papo hapo nang'oa plagi ukutani. Si kuzima. Kung'oa. Halafu naiwasha tena na kuuliza: jina lipo au halipo? Wengine walikuwa wanasoma majarida kujua chombo gani ni bora. Mimi nilikuwa naishi mji ambao stima hupotea ukiwa unapiga chafya, kwa hiyo plagi ndiyo iliyokuwa jarida langu. Soketi zangu na za duka la chini zilikuwa kwenye waya mmoja, na siku moja nilipochomoa kwa pupa cheche ikaruka, fyuzi ikaenda. Mama wa duka akapanda ngazi na futi yake ya kupimia vitambaa shingoni.

"Wewe msichana, umeua stima yangu tena?"

"Napima kitu, mama."

"Unapima nini kwa kuharibu?"

"Kama kitakumbuka."

Alinitazama, akatazama waya mkononi mwangu. "Basi pima saa ya chakula cha mchana," akasema, "sina wateja."

Nikawa napima saa ya chakula cha mchana. Chombo kimoja kilivurugika kabisa, ukiwasha kinakuonyesha herufi za ajabu, nikakitupa. Kingine kilikuwa cha zamani, skrini nyeusi, maandishi meupe, hakina urembo hata kidogo. Kila ukiandika jina moja, kinaliweka kwenye diski hapo hapo, ndipo kinakuruhusu kuandika la pili. Nilikichomoa mpaka nikachoka, na majina yalikuwa yamo. Halafu kulikuwa na kile kiunzi cha kurasa kilichokuwa kinasifiwa kila mahali. Jamani, kilikuwa kizuri! Unaandika jina, linatokea kwenye jedwali lenye rangi ya samawati, unaona raha. Unang'oa plagi, unawasha, hakuna kitu. Kilikuwa kinayashika majina kwenye kumbukumbu ya muda, ile inayofutika mashine ikizimwa, kisha mara moja kwa siku kinayamwaga yote kwenye diski kwa mkupuo. Ati ndivyo kinavyokwenda kasi. Kwa duka la ng'ambo lenye wateja kama siafu, sawa. Kwa zahanati ya kilimani?

Kamati ya zahanati ilitukalisha siku moja, mimi na mtaalamu aliyeletwa na wafadhili kutoka Nairobi. Alikuwa kijana mpole, nisimsingizie, tai nzuri, kompyuta ya kupakata. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu ambaye pia ni mzee wa kanisa, mtu wa kuheshimiwa, aliyezoea kusikilizwa. Kijana akaonyesha kiunzi kile. Wazee wakaona rangi ya samawati, wakanong'ona. Mimi nikaonyesha skrini yangu nyeusi. Hakuna aliyenong'ona.

"Kiunzi chake kinasahau," nikasema. "Stima ikipotea, majina ya siku nzima yanakwenda."

Kijana akatabasamu. "Tumelifikiria hilo, madam. Kuna betri ya akiba. Stima ikipotea, betri inashika kazi. Na kila siku, saa moja jioni, mfumo unajihifadhi wenyewe. Karani hana la kufanya."

Hapo, nakiri, alinibana. Betri ilikuwa jibu. Nikasema tu kwamba sipendi kitu kinachongoja saa moja jioni kufanya kazi ya saa nne asubuhi. Mwenyekiti akaniangalia kwa huruma, ile huruma inayokera kuliko tusi.

"Binti yetu, tunakushukuru. Lakini hiki ndicho wafadhili wanachotaka, na huyu ametoka Nairobi."

Nikateremka kilima nikitukana mpaka sokoni Ikonge. Kwa hiyo basi, mashine zikaletwa, betri ikaletwa, kijana akamfundisha wifi kwa siku mbili, na kadi tupu zilizonunuliwa za kuandikia majina zikachomwa kwenye tanuri la taka ili watu wasirudi nyuma. Wifi aliipenda kazi. Alichapa haraka, hakukosea, na wageni wa wafadhili walipokuja walipigwa picha naye. Alinunua sweta ya rangi ya samawati, nikamwambia amekuwa mfumo. Alicheka.

Miezi ikapita. Kisha Jumapili moja asubuhi mama mmoja wa kilima cha pili alijifungua salama, na baada ya muda mfupi damu ikaanza kumtoka kama bomba limepasuka. Sista wa zamu akamwita wifi: tafuta watu wa damu hii. Wifi akakaa, akaandika, akatafuta. Skrini ikamwonyesha watu wanne. Wote ni wafanyakazi wa zahanati yenyewe, waliopimwa katikati ya wiki siku ya majaribio, na hakuna mwenye damu ile. Akatafuta tena. Akatafuta kwa vilima. Watu aliowaandika kwa mikono yake Ijumaa baada ya Ijumaa, vijana wa kwaya, wachuma chai, walimu wa shule ya msingi, hawakuwemo. Hata mmoja.

Mama yule alipona. Naandika hili mapema ili msomaji asikae roho juu. Mume wake alisimamisha lori la majani chai, wakampakia na shemeji wawili, na mmoja wao kwa bahati alikuwa na damu inayofaa. Lakini walipoteza muda mrefu, na yule mume aliporudi alisimama uani pa zahanati akapiga kelele mpaka sauti ikakauka, na alikuwa na haki.

Sasa ilibidi apatikane wa kulaumiwa. Na wanaume wa kamati hawakuangalia mbali. Kiunzi ni cha wafadhili, mashine ni ghali, kijana ni wa Nairobi. Aliyebaki ni karani. Wakamwita, wakamuuliza, akasema niliwaandika wote, wakamwambia watu walioandikwa hawapotei. Halafu mmoja wao akatoa lile kubwa. Akasema, Ijumaa si ndiyo siku ya maandalizi? Wanawake wote Ijumaa akili zao ziko jikoni. Bila shaka alikuwa anaacha kazi mapema akapike vya Sabato, majina hayaingizi, karatasi za maabara anazitupa.

Ebo! Akapike vya Sabato! Na wao vya Sabato wanavyokula vinapikwa na nani? Kuna hata mmoja wa waliokuwa mezani pale aliyewahi kuonja ugali wa Jumamosi aliousonga mwenyewe? Wanakaa Ijumaa jioni miguu imenyooshwa, kila kitu tayari, kimepikwa na mwanamke aliyekimbia mchana kutwa, kisha kukimbia kule kule wanakugeuza kuwa ushahidi dhidi yake. Haki ya Mungu nilichemka. Nachemka hata sasa.

Walimsimamisha kazi. Na kama hiyo haitoshi, Sabato iliyofuata mwenyekiti akasimama kanisani wakati wa matangazo, akalitaja jina lake, majina yote matatu, la ubatizo na la kwao na la kaka yangu, akasema amesimamishwa kwa uzembe ambao nusura uue mtu. Alikuwa ameketi safu ya tatu na watoto. Tangu siku hiyo wanawake walioshiriki naye ndizi shambani wakawa wanaona kitu cha maana upande wa pili wa barabara akipita.

Nilifika nyumbani Jumapili. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi, hataki kuniangalia.

"Wifi, bwakire buya," nikasema, ingawa asubuhi ilikuwa imepita.

"Sitaki unitanie leo."

"Sikutanii. Nieleze Ijumaa yako. Tangu asubuhi, usiruke kitu."

Akanieleza huku kisu kikiendelea. Watu wanapimwa, karatasi zinakuja, anaziandika zote, moja moja. Anawaona kwenye jedwali la siku hiyo. Karatasi zinakwenda kuchomwa pamoja na taka za maabara, ndivyo walivyoagizwa. Jua likikaribia, anaifunga mashine kwa utaratibu aliofundishwa, anazima betri, maana ukizima stima bila kuizima inapiga makelele usiku kucha. Kisha swichi kuu ya ofisi inateremshwa. Wodi ya akina mama ina waya wake, hiyo inabaki na taa. Ofisi inalala giza mpaka Jumapili.

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi naiacha inaendelea. Mlinzi anaizima saa nne."

"Na Jumatano?"

"Hivyo hivyo. Wifi, kwa nini unanihoji kama polisi?"

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nimejishika kichwa. Huku kwetu jua halina mchezo, mwaka mzima linazama baada ya saa kumi na mbili na nusu kidogo. Mfumo unajihifadhi saa moja. Siku tano mashine ilikuwa macho saa moja ikifika, ikahifadhi. Ijumaa, siku pekee ambayo majina ya damu yalikuwa yanaingia, ilikuwa imezimwa kwa ajili ya Sabato, ndani ya zahanati ya Wasabato, na Wasabato wenyewe. Na hakuna mtu hata mmoja katika kamati nzima, wote wakiijua saa ya machweo kuliko wanavyojua siku zao za kuzaliwa, aliyewahi kuzilinganisha saa hizo mbili.

Jumatatu nilimpigia kijana wa Nairobi kwa simu ya duka. Mama wa duka alijifanya anakunja vitambaa lakini masikio yalikuwa kwangu.

"Ndiyo, inaandika saa moja tu, kuifunga peke yake hakuhifadhi," akasema kijana. "Lakini kwa nini mtu azime seva Ijumaa kabla ya saa moja?"

"Kwa sababu jua linazama!"

"Sasa, hawezi kungoja nusu saa tu?"

Nusu saa tu. Nilimuuliza kama Nairobi hakuna Wasabato. Kisha nikamwambia abadilishe hiyo saa, iwe saa kumi jioni, yaishe. Akakohoa. Akasema saa ile haiko katika sehemu aliyoiandika yeye, imo ndani ya kiunzi chenyewe, na kiunzi ni cha watu wa ng'ambo, atawaandikia ombi, watalifikiria katika toleo lijalo. Unaona sasa? Uti wa mgongo wa zahanati ya kwetu uko mikononi mwa watu ambao hawajui kilima chetu kiko wapi, na ukitaka kuusogeza nusu saa unaandika ombi. Niliweka simu chini. Mama wa duka akasema, bila kuinua macho, "Kimesahau?" Nikamwambia kimesahau. Hakunitoza ile simu.

Niliiomba kamati ifike zahanati Ijumaa iliyofuata. Mwenyekiti alikubali, nadhani ili aniondolee maneno. Wifi aliruhusiwa kuketi kwenye kiti chake kwa siku hiyo moja. Nikamwomba kila mzee atoe mkono, apimwe damu, aandikwe. Walipiga mzaha kuhusu sindano. Wifi akawaandika mmoja mmoja mbele yao, na mimi nikawaita wasogee waone: huyu hapa mwenyekiti, damu yake hii hapa, kilima chake hiki hapa. Wakajiona wote kwenye jedwali la samawati. Mwenyekiti alirekebisha miwani, akasoma jina lake kwa sauti.

"Yumo?" nikauliza.

"Nimo," akasema.

Tukaketi. Hakuna aliyeondoka maana niliwaomba wasiondoke. Dirishani jua lilikuwa limeshafika kwenye mikaratusi. Wifi akaifunga mashine, akazima betri. Nikasema, "Mwalimu, tafadhali, swichi kuu utuzimie wewe, ili isije ikasemwa ni mtu fulani." Akainuka, akaangalia saa yake, akaiteremsha kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa bado robo saa jua lizame. Wakaenda nyumbani kula vilivyopikwa.

Jumapili tulirudi. Wifi akawasha. Akatafuta mwenyekiti. Hayumo. Akatafuta mwingine, hayumo. Watu wanne wale wale, wafanyakazi. Nikawaeleza habari ya saa moja, polepole, kama kwa watoto, na sijutii.

Unadhani wangeona haya? Wacha wee. Mwenyekiti alivuta pumzi akasema, "Basi tumepata suluhisho. Ijumaa karani atangoja mpaka saa moja ipite. Ni nusu saa. Bwana ataelewa."

Nilifungua mdomo, lakini wifi alinitangulia. Tangu mambo yaanze hakuwa amepandisha sauti, na hata hapo hakuipandisha.

"Mwalimu, juzi ulizima swichi saa ngapi?"

Mwenyekiti akagusa saa yake mkononi.

"Uliangalia saa, ukazima mapema. Nilikuona. Kwa nini hukungoja nusu saa?"

Yule aliyesema habari za jikoni akaanza kuchunguza kucha zake. Mwenyekiti akafunga kikao kwa maombi, maombi marefu, na kabla ya amina ilikuwa imekubaliwa kwamba programu yangu nyeusi iwekwe kwa muda, watu waitwe wapimwe upya, na karani arudi kazini Jumatatu. Wakanipa mkono mmoja mmoja. Ningepaswa kufurahi.

Lakini wifi akiwa njiani hakufurahi. Nikamuuliza kwa nini.

"Kazi wamenirudishia," akasema. "Jina wamebaki nalo."

Nilielewa. Walikuwa wamelisema jina lake mbele ya kanisa zima. Chumbani walikosolewa wazee sita wa kamati, kanisani aliaibishwa mtu mmoja. Nikamfuata mwenyekiti mpaka kwake, nikamkuta kwenye zizi. Akaniahidi kwamba Sabato ijayo atatoa tangazo.

Kwa hiyo Sabato hiyo mimi, Mkatoliki, nilivaa kofia ya kuazima nikaenda kanisani kwa Wasabato, nikakaa safu ya tatu kati ya wifi na watoto. Nilikaa shule ya Sabato yote. Nilikaa nyimbo zote. Wakati wa matangazo mwenyekiti akasimama na karatasi yake. Akatangaza mkutano wa vijana. Akatangaza mchango wa paa. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya paa, "Na kuhusu lile suala la zahanati, kulikuwa na hitilafu ya mashine. Imesharekebishwa. Tumshukuru Bwana." Akageuza karatasi.

Wifi aliinamisha kichwa. Binti yake mdogo akamwangalia mama yake, kisha akaniangalia mimi.

Sikupanga. Nilijikuta nimesimama, kofia imepinda, mgeni, mwanamke, wa dini nyingine, na kanisa lote limegeuka.

"Mwalimu," nikasema, "samahani. Mashine haikusimamishwa kazi. Hapa ulisema jina la mtu."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Keti, mama." Sikuketi. Mzee mwingine akaanza kuinuka kuja kwangu, mwenyekiti akamzuia kwa mkono. Alinitazama muda mrefu kupitia miwani yake. Halafu akaacha kunitazama mimi, akamtazama wifi, na nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu mwanzo alimwona.

Akaiweka karatasi chini. Akalitaja. Yote matatu, la ubatizo na la kwao na la kaka yangu, polepole, akasema kwamba huyu dada aliifanya kazi yake kila Ijumaa, na sisi tulimkosea, na mimi ndiye niliyeyasema hapa, kwa hiyo ni mimi ninayeyafuta hapa.

Nikabaki nimesimama kama mjinga, machozi yananitoka, sijui nifanye nini na mikono. Wifi alinivuta sketi.

"Keti sasa," akanong'ona. "Limeingia."